UZI: Printa za 3D sio kitu kipya, zilikaa mlangoni robo karne kwa sababu ya makaratasi

#1 mchora_usiku

Wakuu habari za muda huu. Kila nikiingia mtandaoni nakutana na video ya printa inajenga kitu tabaka juu ya tabaka, na chini yake lazima ukute mtu kaandika "dunia inakimbia jamani". Mi naona tofauti kabisa. Hapa dunia haikukimbia, ilisimamishwa mlangoni miaka kama 25 hivi, na aliyeushika mlango hakuwa mhandisi, alikuwa mtu wa makaratasi. Ndo ninachotaka kukisema humu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu hatutagombana.

Naanza na mchoro kabla ya printa, maana printa bila mchoro ni cherehani bila kitambaa.

Mwaka 1963 kuna kijana alikuwa anasomea shahada ya uzamivu (PhD) pale chuo cha MIT Marekani anaitwa Ivan Sutherland, akaandika programu akaiita Sketchpad, ilikuwa inatembea kwenye kompyuta inaitwa TX-2. Hiyo kompyuta usiifikirie kama laptopu yako, ni mashine ya kujaza chumba. Unakaa mbele ya skrini na kalamu ya mwanga, unagusa kioo, mstari unatokea. Watu wakimtaja wanasema huyu ndo wa kwanza kuchora kwenye skrini kwa namna ile halafu wanaishia hapo, na hapo wanampunja sana. Kuchora mstari sio kitu. Kitu ni kwamba ulikuwa unachora mraba wako umepinda pinda kama umechorwa na mtoto wa chekechea, halafu unaiambia mashine hii mistari miwili iwe sambamba, hii kona isimame wima, huu na huu viwe na urefu mmoja, na mchoro unajinyoosha wenyewe unauona kwa macho. Ukivuta kona moja zingine zinafuata bila kuvunja masharti uliyoweka. Na ukitengeneza umbo moja likawa mama, ukalinakili mara hamsini, ukimgusa mama watoto wote hamsini wanabadilika.

Kama umewahi kuchora kwa penseli na rula ndefu ya mezani utaelewa kwanini nalipigia kelele hili jambo. Ukisogeza tundu moja milimita tatu unafuta nusu ya karatasi. Yani karatasi haijui kwanini tundu liko pale. Mchoro wa Sutherland ulikuwa unajua. Mwaka 1988 akapewa Tuzo ya Turing, ile kubwa ya watu wa kompyuta.

Sasa upande wa mikunjo, bodi za magari. Hapa ndo makaratasi yanaanza kuonekana. Ufaransa, kampuni ya Citroën, kuna mwanahesabu anaitwa Paul de Casteljau. Mwaka 1959 alishapata njia ya kuuelezea mkunjo wowote laini kwa nukta chache tu, unasogeza nukta mkunjo unafuata. Kampuni ikasema hii ni siri yetu, ikafungia kabatini. Kule Renault, mhandisi Pierre Bézier akafika sehemu ile ile kwa njia yake, ila yeye akachapisha kazi yake watu wakasoma. Matokeo yake leo ukifungua programu yoyote ya kuchora ukavuta vile vishikio viwili pembeni ya mstari, unavuta mkunjo wa Bézier. De Casteljau alikumbukwa baadaye sana, jina lake limebaki kwenye ile njia ya kukokotoa mkunjo wenyewe.

Aliyetangulia kufikiri na aliyetangulia kuandikwa sio lazima awe mtu mmoja. Shikeni hilo, kwenye printa linajirudia vibaya mno. Ngoja nipumue nakuja.

#2 Nukta7

Mkuu umeanza vizuri ila kichwa cha uzi kinasema printa na mpaka sasa sijaona hata printa ya karatasi 😂

#3 zuhura_m

Nimeshakaa mbele kabisa. Endelea kaka.

#4 mchora_usiku

Nukta7 haraka ya nini, haya printa hii hapa.

Ukiuliza nani aligundua utaambiwa Chuck Hull, Mmarekani. Sio uongo, ila hadithi ina watu wengine wanne ambao majina yao hayasikiki.

Wa kwanza ni Hideo Kodama, Mjapani, alikuwa mtafiti kwenye taasisi ya utafiti wa viwanda ya jiji la Nagoya. Mwaka 1980 akaomba hataza (wengine mnaiita patenti, ni ile karatasi ya kisheria inayompa mgunduzi haki ya kuwazuia wengine kutumia wazo lake kwa miaka kadhaa). Wazo lake: una resini, kimiminika kama gundi nzito, ambayo ikipigwa na mwanga wa urujuanimno inaganda. Kwahiyo unaigandisha tabaka moja jembamba, unazamisha kidogo, unagandisha lingine juu yake, mpaka kitu kinakamilika. Mwaka 1981 akachapisha na makala za kisayansi kabisa. Lakini taratibu za hataza zina tarehe zake, na Kodama hakuzikamilisha ndani ya muda, ombi likafa. Mtu ana wazo, ana majaribio, ana makala, hana karatasi moja.

Wa pili mpaka wa nne ni Wafaransa watatu, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André. Hawa walipeleka ombi lao tarehe 16 Julai 1984. Hull alipeleka la kwake tarehe 8 Agosti 1984. Hesabu mwenyewe, ni siku 23. Ila makampuni yaliyokuwa nyuma ya Wafaransa yakaangalia yakasema hatuoni biashara hapa, yakaliacha ombi.

Hull sasa. Huyu alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya mambo ya taa za urujuanimno, zile taa zilikuwa zinatumika kukausha rangi na plastiki nyembamba juu ya meza na samani. Akawaza, kama mwanga huu unakausha tabaka moja, mia je? Akawa anafanyia majaribio baada ya saa za kazi, na tarehe 9 Machi 1983 kitu cha kwanza kikatoka. Sio injini wala sanamu, ni kikombe kidogo cha kuoshea macho cha kuingia kiganjani. Usiku ule ule akampigia simu mkewe aje aone. Hataza ikatoka tarehe 11 Machi 1986, namba 4,575,330, na mwaka huo huo kampuni ya 3D Systems ikaanzishwa.

Miaka ya 80 haijaisha mashine zikawa sokoni. Kwahiyo mtu akikwambia hii ni teknolojia ya juzi mwambie ina umri wa kuwa na watoto wakubwa.

#5 Nukta7

Kwahiyo Hull aliwaibia wenzake au?

#6 mchora_usiku

Hapana, usipeleke huko. Kila mmoja alifika kivyake, resini inayoganda kwa mwanga ilikuwa inajulikana kwa hiyo ni kama nyumba yenye milango mingi. Na mwaka 1995 Kodama na Hull walipewa tuzo moja kwa pamoja Uingereza, ile ya Rank. Nilichosema ni kwamba mwenye karatasi ndo alifungua kampuni.

#7 fundi_venia

Nimesoma kimya kimya ila hapa nakupinga kidogo mleta uzi. Unaongea kama vile hataza ndo shetani wa hadithi. Mimi nimeshika hizi mashine kwa mikono yangu, kuzirekebisha na kuzijenga, na nakwambia mwaka 1990 hata ungepewa hataza zote bure usingejenga printa ya mezani. Ubongo wake ungeutoa wapi? Printa inahitaji kompyuta ndogo ndani inayoendesha mota nne kwa pamoja, inasoma joto mara nyingi kwa sekunde, na kwa hesabu zisizochelewa. Zile bodi ndogo ambazo mtu wa kawaida anaziprogramu mwenyewe kwa waya wa USB zilikuja kushika kasi baada ya bodi inayoitwa Arduino kutokea mwaka 2005. Kabla ya hapo ilikuwa kazi ya watu wa maabara.

Halafu kuna ushahidi mwingine unaoukwepa. Kuna njia ya kutandaza poda halafu leza inayeyusha sehemu inayotakiwa. Hiyo ilianzia Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, mwanafunzi Carl Deckard na mwalimu wake Joe Beaman, katikati ya miaka ya 80. Hataza yake mojawapo kubwa iliisha 2014. Watu walipiga kelele "sasa mashine za leza zitajaa mezani". Zimejaa? Umeiona wewe kwenye meza ya nani? Hazijajaa kwa sababu leza ya nguvu ni leza ya nguvu, poda laini ni hatari kwa mapafu, chumba lazima kiwe na joto linalolingana kila kona. Karatasi iliondoka mlango ukabaki pale pale.

#8 mchora_usiku

Aisee fundi umekuja na nyundo. Hiyo hoja ya poda nakubali, sikuwa nimeiweka hivyo kichwani, naipokea.

Lakini tuangalie ile njia ya plastiki inayoyeyuka, maana ndo iliyojaa mezani kwa watu. Scott Crump, mwaka 1988 alikuwa anataka kumtengenezea binti yake mdogo chura wa kuchezea. Akachukua ile bastola ya gundi ya moto, akaweka mchanganyiko wa plastiki na nta ya mshumaa, akajenga chura tabaka kwa tabaka kwa mkono. Akaona hii kazi nikiipa mashine itafanya vizuri zaidi. Yeye na mkewe Lisa wakaanzisha Stratasys mwaka 1989, hataza ikatoka tarehe 9 Juni 1992. Wakaiita FDM, na hilo jina wakalisajili kama alama ya biashara.

Sasa angalia. Hataza ya Crump iliisha 2009. Mwaka gani MakerBot ilianza kuuza vifurushi vya printa za kujiunganishia nyumbani? 2009. Hiyo nayo utasema ni Arduino?

#9 fundi_venia

Ntasema ni vyote viwili 😄 maana umemruka Adrian Bowyer.

Huyu mzee alikuwa Chuo Kikuu cha Bath Uingereza. Mradi wake wa RepRap umeanza mwaka 2005, hataza ya Crump bado hai kabisa. Wazo lake lilikuwa la kichaa zuri, printa inayoweza kuprinti sehemu zake yenyewe, ili ukiwa na moja umtengenezee jirani, jirani amtengenezee mwenzake, na michoro yote bure mtandaoni. Ya kwanza wakaiita Darwin, ilikamilika 2007, na 2008 ikazaa, yani ikatoa sehemu za plastiki za printa nyingine na hiyo nyingine ikafanya kazi. Mota, vyuma na bodi unanunua, plastiki inajizaa. Printa nyingi za mezani unazoziona leo ukikwangua rangi utakuta damu ya RepRap chini.

Kwahiyo watu walikuwa ndani tayari kabla mlango haujafunguliwa. Walichokuwa hawawezi ni kufungua duka.

Na kuna kichekesho humo. Kwa sababu jina FDM lilikuwa na mwenyewe, watu wa RepRap wakaunda jina lao, FFF. Mashine ni ile ile, plastiki ni ile ile, herufi ndo tofauti.

#10 mchora_usiku

"Walichokuwa hawawezi ni kufungua duka". Mkuu hiyo sentensi ndo uzi wangu wote umeuandika kwa mstari mmoja, sijui kwanini nilihangaika.

Niongeze moja halafu nakuachia. Wote mliowahi kuprinti plastiki ya ABS mnajua inavyokunja kona. Tabaka la chini limepoa limesinyaa, la juu bado la moto, kinachotokea kona zinanyanyuka kama karatasi iliyolowa. Dawa inajulikana miaka yote, fanya chumba kizima cha printa kiwe cha moto, sio sahani ya chini tu. Hicho chumba cha moto kilikuwa na hataza yake, ikaisha 2021. Printa za nyumbani zenye chumba kinachopashwa joto zimeanza kuja lini kwa wingi? Baada ya hapo. Hapo hakuna Arduino wala nini.

#11 fundi_venia

Hiyo nakupa, bao safi.

#12 kaka_mdodosaji

Samahani wakuu mi niko nje ya hii ligi. Hivi mbali na vinyago na vishikio vya simu hizi printa zinafanya nini cha maana? Naona kila mtu anaprinti joka lenye viungo tu.

#13 mchora_usiku

Majoka ni ugonjwa, wengi wanaupata miezi mitatu ya kwanza unapona.

Chukua vifaa vya kusaidia kusikia. Lile ganda linaloingia sikioni, kila sikio lina umbo lake, hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja hayafanani. Zamani fundi alikuwa analichonga kwa mkono moja moja. Siku hizi umbo la sikio linaskaniwa, ganda linachorwa kwa kompyuta, linaprintiwa. Hiyo ni moja ya viwanda vilivyohama karibu chote kwenda kwenye uprintaji na wala hakuna aliyepiga kelele.

Meno pia. Yale mabati ya plastiki angavu ya kunyoosha meno, watu wanadhani yanaprintiwa yenyewe. Mengi sio hivyo. Kinachoprintiwa ni sanamu ya meno kwa kila hatua, halafu karatasi ya plastiki inapashwa moto inabanwa juu ya sanamu, inakatwa. Sanamu inatupwa. Yani printa inatengeneza kitu ambacho mteja haji kukiona.

Na ndege. Injini ya LEAP ina pua ya kunyunyizia mafuta, muundo wa zamani ulikuwa unaunganisha vipande kama 20. GE wakaichora upya ikatoka kipande kimoja cha chuma kwa leza na poda, na nyepesi kwa asilimia 25. Ile ile leza na poda ambayo fundi anasema haikai mezani. Mezani haikai, kiwandani imekaa.

#14 zuhura_m

Jamani mi swali langu ni la chini kabisa msinicheke. Nina printa, najua kupakua faili la mtu na kuprinti, imetoka nzuri. Ila nikitaka kuchora cha kwangu nakwama. Nimefungua FreeCAD nikafunga. Nimefungua Blender nikafunga kwa speed zaidi 😭 Kuna bawaba ya plastiki ya kabati imekatika, nataka niitengeneze. Nianzie wapi?

#15 fundi_venia

Dada Zuhura hakuna wa kukucheka, hapo ndo watu wengi wanafia. Printa unajifunza wiki moja, mchoro ndo kazi.

Blender achana nayo kwa hili, ile ni ya wachongaji wa sura na katuni, umbo unalifinyanga kama udongo. Wewe unataka kitu chenye vipimo. FreeCAD ni sawa, ni bure, au Tinkercad kama unataka kuanza kwa kubandika maboksi na kutoboa. Ila kabla ya programu tafuta venia, kile kifaa cha kupimia milimita chenye taya mbili. Bila venia unachora ndoto.

Ngoja nikupe kisa changu. Nilikuwa na mashine ya kufulia, kile kitufe cha kuzungusha kikapasuka. Nyuma kina tundu linaloingia kwenye kijiti, na kijiti ni duara lililokatwa upande mmoja, ukikiangalia kwa mbele kama herufi D. Nikapima kijiti, milimita 6.0 upenyo, upande bapa ukaacha 4.5. Mimi kwa ujuaji wangu nikachora tundu la 6.0 na 4.5. Nikaprinti. Haiingii. Nikapima tundu, 5.8. Plastiki ikipoa inasinyaa, na ile kamba ya plastiki ikizunguka duara dogo inavutwa kwa ndani, kwahiyo tundu karibu kila mara linatoka dogo kuliko ulivyolichora. Nikalifanya 6.2, likaingia kwa kubana vizuri, nikafurahi.

Hapa sasa ndo faida ya yale masharti ya Sutherland. Sikuchora upya. Kwenye mchoro nilikuwa nimeandika upenyo ni namba moja yenye jina, na ukuta wa nje nimesema uwe upenyo jumlisha 4. Nikabadilisha namba moja, ukuta ukasogea wenyewe, kila kitu kikakaa mahali pake. Hiyo ndo wanaita mchoro wa parametriki. Ilichukua mpaka mwishoni mwa miaka ya 80, programu ya Pro/ENGINEER, ndo hii namna ya kufanya kazi ikaingia viwandani kwa vitu vya 3D kwa nguvu. Mwanzoni ukichora weka masharti kwanza, vipimo baadaye, usiburute mistari kwa macho. Programu inakwambia mchoro umefungwa kamili au bado unaelea. Usitoke hapo ukiwa unaelea.

Kisa hakijaisha. Siku kumi baadaye kitufe kikavunjika pale pale shingoni. Nilikuwa nimekiprinti kimesimama, tabaka zimekatiza shingo, na kitu kilichoprintiwa kinavunjika kwa urahisi kati ya tabaka na tabaka, kama kuni inavyopasuka kufuata nyuzi zake. Nikakilaza ubavu, nikaweka sapoti (vile vishikizo vya muda unavyovivunja baadaye), sura yake mbaya kidogo chini. Mpaka leo kipo.

#16 Nukta7

Fundi hiyo ya kuni nimeielewa kuliko video zote nilizoangalia.

#17 kaka_mdodosaji

Mi nilichora kitu kizuri, nikakituma kwa rafiki aniprintie, akaniambia kimetoka kidogo kama punje. Nilipima vizuri kabisa naapa. Tatizo nini?

#18 mchora_usiku

😂😂 Karibu kwenye STL. Mchoro wako ulikuwa wa inchi?

#19 kaka_mdodosaji

Ndio, umejuaje?

#20 mchora_usiku

Kwa sababu sote tumepita hapo. STL ni lile faili la umbo unalolipeleka kwenye printa, lilikuja na mashine za 3D Systems miaka ile ya 80. Linafanya kitu kimoja, linachukua umbo lako lote laini, linalivunja kuwa pembetatu nyingi, basi. Duara lako sio duara tena, ni pembetatu nyingi zinazojifanya duara, ndo maana ukihifadhi kwa ubora wa chini unaona kona kona. Yale masharti yote, upenyo uliopewa jina, yamekufa. Na halisemi ni milimita au inchi. Linasema tu 2. Programu ya printa inasoma milimita 2. Inchi moja ni milimita 25.4, kwahiyo kitu chako kimetoka kidogo mara 25.4 kila upande. Mwambie rafiki yako akikuze kwa asilimia 2540 atakiona kimerudi.

Kuna faili la 3MF lilianzishwa 2015, lenyewe linabeba vipimo, rangi na mengine. Ukipata nafasi ya kuchagua chagua hilo. STL ni kama lile shati la zamani, kila mtu analilalamikia na kila mtu bado analivaa.

#21 fundi_venia

Na baada ya STL bado. Slaisa, ile programu inayoandaa kazi ya printa, inalikata hilo umbo vipande kama mkate wa tosti, kila kipande mfano milimita 0.2, halafu inaandika njia ya kupita nozeli (pua inayotoa plastiki) kwa kila kipande. Ukifungua faili lile kwa programu ya kuandikia maandishi unakuta mistari maelfu ya namna hii:

G1 X42.5 Y60.0 E0.81

Maana yake nenda hapa ukisukuma plastiki kiasi hiki. Printa haijui kama inatengeneza bawaba wala joka. Na lugha hiyo haikuzaliwa na printa. Mababu zake ni mashine za kuchonga chuma, mwaka 1952 pale MIT walionesha mashine ya kuchonga inayosoma maagizo kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, kazi iliyotokana na mawazo ya John Parsons aliyekuwa anahangaika na mapanga ya helikopta. Kwahiyo mleta uzi, hata mashine yenyewe ilianza kwa karatasi.

#22 mchora_usiku

Hiyo karatasi naikubali, yenye matundu haina mwanasheria 😄

Zuhura umefikia wapi?

#23 zuhura_m

Nimerudi wakuu. Nimepima kwa venia, pini ya bawaba ni 5.0. Nimechora FreeCAD, nimeweka masharti kama alivyosema fundi, mchoro ukageuka rangi ya kijani nikajua umefungwa. Tundu la kwanza 5.0 likatoka 4.8, haikuingia kama ulivyosema. La pili nikaweka 5.2 linaingia ila linabana mno, mlango haufunguki bila kuvuta kwa nguvu. La tatu 5.4, linazunguka laini kabisa!! Nimebadilisha namba moja tu kila mara, dah. Mlango wa kabati umefungwa na umefunguka mara ishirini nahesabu.

#24 fundi_venia

Safi sana dada. Kwa kitu kinachozunguka hiyo nafasi ya ziada ni sahihi, kwa kilichobana ungeacha 5.2. Umetumia plastiki gani, na umeiprinti imelala au imesimama?

#25 zuhura_m

PLA. Imesimama 😅 ikilala ilikuwa inataka sapoti nyingi nikaona uvivu.

#26 fundi_venia

Haya. Printi nyingine mbili uziweke kwenye droo ya hilo hilo kabati.